Stika Haitibu Kabati Lililovimba

Jiko la nyumbani linapochakaa, kinachotangulia kuchakaa ni nyuso zake: milango ya makabati, kaunta, mistari ya katikati ya vigae, vishikio, taa. Mpangilio wenyewe mara nyingi hauna kosa. Sinki liko chini ya dirisha kwa sababu bomba la maji machafu linatokea hapo. Jiko la gesi liko karibu na mlango wa uani kwa sababu mtungi unaingilia hapo. Kuvihamisha ni kuchimba sakafu, kupasua ukuta na kuvuta waya upya. Kuviacha mahali pake na kubadilisha vinavyoonekana ni uamuzi wa busara, na kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ndio pekee unaoendana na mfuko.

Kinachoharibu ni swali linalofuata. Karibu kila anayetaka kulipa jiko sura mpya huanza na stika: ipi nzuri, yenye michirizi ya marumaru au ya mbao, na mita ngapi zitatosha. Kisha hufungua kabati la chini ya sinki ili apime, akakuta ubao wa chini umevimba, kingo zimechanua na uso wa melamini umebanduka. Hapo swali hubadilika na kuwa baya zaidi: stika gani itapaficha hapa? Hakuna. Swali lenye maana ni moja tu, nalo haliulizwi: maji yanatoka wapi?

Makabati mengi ya mjini hayakutengenezwa kwa mninga wala mkongo, bali kwa chipbodi au MDF. Chipbodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyochanganywa na gundi, vikakandamizwa kwa mashine yenye joto hadi vikawa ubao. Gundi inayotumika zaidi katika mbao za ndani ya nyumba ni ya urea na formaldehaidi, na gundi hiyo haistahimili maji: ikikaa kwenye unyevu, hasa penye joto, huachia. Vipande vilivyokuwa vimebanwa hunywa maji, hutanuka na kujitandaza. Ubao uliotoka kiwandani na unene wa milimita 16 au 18 hunenepa, na ukikauka haurudi ulivyokuwa, kwa sababu unene ule haukutokana na ukavu bali na mbano na gundi, na vyote viwili vimekwisha. MDF, iliyotengenezwa kwa nyuzi laini badala ya vipande, nayo huishia hapohapo ikilowa.

Uso wa melamini hauna lawama katika jambo hili. Maji hayapiti hapo. Yanaingilia ukingoni, palipokatwa kwa msumeno na kubandikwa utepe mwembamba, au kwenye tundu la bomba lililotobolewa na kuachwa wazi. Ndiyo maana kabati huvimba kuanzia chini na kuzunguka sinki, si katikati ya mlango. Upo ubao wenye kiini cha kijani unaouzwa kwa ajili ya sehemu zenye unyevu. Ukijani ni alama tu; kinachosaidia ni gundi iliyotiwa melamini. Ubao huo huvumilia mvuke wa jikoni na hewa nzito ya pwani, lakini nao ukilazwa kwenye dimbwi utavimba.

Sasa stika. Ni utando mwembamba wa PVC, au foili ya alumini iliyolazwa juu ya plastiki, wenye gundi mgongoni. Wauzaji huisifia mambo matatu: haipitishi maji, haidhuriwi na moto, na inashika popote. La kwanza ni kweli, na ndilo linaloleta madhara. La pili ni nusu ya ukweli. La tatu si kweli.

Ni kweli maji hayapiti kwenye stika, lakini maji yanayoharibu kabati hayatoki upande wa stika. Yanatoka nyuma: kwenye nati ya bomba lililolegea, kwenye mwanya wa kati ya sinki na kaunta, kwenye ukuta unaonyonya unyevu kutoka ardhini. Ubao uliolowa una njia moja tu ya kujiokoa, nayo ni kutoa unyevu huo hewani. Stika huifunga njia hiyo. Ubao ambao ungekauka kwa juma hubaki na ubichi kwa miezi, ukungu huota kwenye giza, gundi ya ubao huendelea kuachia, na siku stika inapobanduliwa huondoka na tabaka la unga wa mbao. Kufunika kombe mwanaharamu apite ni busara penye wageni. Chini ya sinki mwanaharamu hapiti, anahamia. Na anayehamia hasa ni mende. Mwanya wa milimita chache kati ya stika iliyobanduka na ubao wenye unyevu una kila anachohitaji: giza, joto, maji na mabaki ya mafuta. Dawa inayopuliziwa nje ya stika haimfikii.

Kuhusu moto, PVC huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Sufuria iliyotoka kuchemsha maji ina nyuzi 100 au zaidi kitakoni; ikitua juu ya kaunta yenye stika, huacha alama ya duara isiyofutika. Ukutani, nyuma ya jiko la gesi, hali ni mbaya zaidi, maana PVC ikiungua hutoa moshi wenye gesi ya asidi inayokereketa macho na koo. Wanaolijua hilo hukimbilia stika ya foili wakidhani wamepata kinga. Foili yenyewe haishiki moto wa jikoni kwa urahisi, lakini plastiki na gundi iliyo nyuma yake havina sifa hiyo.

Foili ina hatari nyingine isiyotajwa dukani. Alumini hupitisha umeme. Anayeibandika ukutani huikata kuzunguka soketi, na ili kazi ionekane safi hulegeza kifuniko, huchomeka kingo za foili chini yake, kisha hukaza skrubu. Kipande kimoja kikigusa waya wenye umeme, ukuta mzima uliong'arishwa unabeba volti 230, na anayeugusa ni mtu mwenye mikono iliyolowa, mara nyingi anayesimama pekupeku kwenye sakafu ya vigae. Hili si suala la urembo. Stika ya foili haibandikwi karibu na soketi wala swichi, basi.

Dai la tatu, kwamba stika inashika popote, huporomoka lenyewe masika yanapoingia. Gundi hushika kile inachokigusa. Ikigusa mafuta ya kukaangia yaliyoganda, itashikana na mafuta, na mafuta hayajashikana na kigae. Ikigusa vumbi la rangi iliyochakaa, itaondoka nalo. Kwenye uso mkavu, laini, uliooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, stika hukaa. Kwa hiyo ina kazi yake halali: ndani ya droo, juu ya milango mizima iliyo mbali na moto, au katika nyumba ya kupanga ambapo mwenye nyumba hataki kitu kibadilishwe. Nje ya hapo ni gharama inayolipwa mara mbili.

Rangi ya mafuta inayopakwa kwenye ukuta wenye chumvi ni kosa hilohilo kwa sura nyingine. Maji yanayopanda ukutani hubeba chumvi iliyoyeyuka, ya udongo, ya saruji au ya mchanga wa baharini usiooshwa. Yanapofika usoni hugeuka mvuke na kuiacha chumvi ikiwa ungaunga mweupe. Rangi ya mafuta ikiziba uso huo, chumvi huganda nyuma yake, husukuma, na rangi huvimba malengelenge kisha hudondoka pamoja na lipu. Kuongeza mkono wa pili ni kuongeza cha kudondoka. Ukuta wa namna hiyo hukwanguliwa, huzibwa chanzo cha maji, huachwa ukauke, kisha hupakwa rangi inayopumua, chokaa ikiwemo.

Tiba nyingine za mtaani zinaweza kumalizwa kwa sentensi mojamoja. Kuanika mlango uliovimba juani huukausha bila kuunyoosha. Kujaza ufa kwa unga wa mbao na gundi nyeupe hudumu hadi maji yanayofuata, kwa kuwa gundi nyeupe ya kawaida nayo hulainika ikilowa. Kupigilia misumari kwenye chipbodi iliyolegea ni kupigilia kwenye makapi.

Kutafuta chanzo cha maji hakuhitaji kifaa. Kabati la chini ya sinki hutolewa vyombo vyote na kupanguswa hadi kukauka. Tishu kavu huzungushwa kwenye kila kiungo cha bomba, sinki hujazwa maji, kisha huachiliwa yote kwa mkupuo. Tishu itakayolowa itaonyesha kiungo kibovu. Zisipolowa, maji humwagwa kidogokidogo kuzunguka ukingo wa sinki juu ya kaunta, na hapo mwanya uliokatika silikoni hujitaja. Kwa ukuta, kipande cha nailoni hubandikwa kwa utepe wa gundi pande zote nne na kuachwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni mvuke na dirisha lisilopitisha hewa, pengine kwa sababu wavu wa mbu umeziba kwa mafuta. Yakionekana upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Chanzo kikishazibwa, yanayobaki ni mepesi, na ndiyo yanayolibadilisha jiko.

Milango ndiyo inayoonekana zaidi, nayo hubadilishwa bila kugusa mwili wa kabati ikiwa mwili ni mzima. Bawaba za ndani zilizoenea hukaa kwenye tundu la kipenyo cha milimita 35, hivyo mlango mpya hupimwa kufuata ule wa zamani. Vishikio hupimwa kati ya tundu na tundu, si urefu wa nje. Vipimo vya kawaida ni milimita 96 na 128, na anayenunua kwa macho hurudi dukani. Ubao wa chini uliovimba hukatwa na kuwekwa plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi isiyoogopa maji, kingo zake zote zikipakwa rangi kabla ya kufungwa.

Milango mizima inaweza kupakwa rangi. Huoshwa mafuta kwanza, husuguliwa kwa msasa hadi mng'ao uishe, hupakwa praima ya nyuso laini, kisha rangi ngumu mikono miwili, kila mkono ukiachwa ukauke. Anayeruka praima kwenye melamini atakuja kuibandua rangi kwa ukucha.

Kaunta ya vigae mara nyingi haina ugonjwa zaidi ya grauti, yaani ile mistari ya katikati ya vigae, iliyogeuka nyeusi. Hukwanguliwa na kujazwa upya, ya epoksi ikiwezekana, kwa kuwa hainywi mafuta. Anayetaka jiwe ajue uzito: graniti ya sentimita 2 ina takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba, na kabati lililolegea halitaibeba. Marumaru halisi haifai mezani pa mpishi wa pwani, maana ndimu, siki na ukwaju huila na kuacha madoa yaliyofifia. Graniti haina tatizo hilo.

Taa moja ya katikati humfanya mpishi akatie vitunguu kwenye kivuli chake mwenyewe; mkanda wa LED chini ya makabati ya juu hulimaliza hilo. Soketi ya ampia 13 hubeba takriban wati 3,000, kwa hiyo birika la umeme na jiko la sahani moja havitumii adapta moja. Soketi zisikae juu ya sinki, na kuongeza mpya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Mtungi wa gesi ukifichwa ndani ya kabati jipya, kabati hilo litobolewe matundu chini, usawa wa sakafu, na chumba kiwe na njia ya hewa kutoka nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, na tundu lililo juu pekee halisaidii. Mpira wa gesi hukaguliwa tarehe yake, na viungo hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mpangilio wa kazi hufuata maji na vumbi: kwanza bomba na umeme, kisha dari na kuta, kisha miili ya makabati, kaunta, vigae na grauti, milango, na vishikio mwisho. Silikoni ya kuzunguka sinki hupakwa baada ya yote, kwenye uso mkavu kabisa, na ile ya zamani ikiwa imekwanguliwa yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Iachwe saa 24 bila tone la maji. Baada ya hapo jaribio la tishu hurudiwa mara moja, na zikibaki kavu vyombo vinaweza kurudishwa kabatini.