Bawabu wa Seli na Lugha ya Darasani

Tumeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Hebu tulipime dai hilo kwa jambo moja gumu: jinsi seli inavyochagua protini za kuingiza ndani.

Utando wa seli una vipokezi, navyo ni mithili ya mabawabu. Kila kipokezi humjua mgeni wake. Chembe ya LDL, ibebayo kolesteroli damuni, hushikwa na kipokezi chake. Upande wa ndani, protini ziitwazo adapta husoma alama fupi iliyo kwenye mkia wa kipokezi, kisha huikusanya klathrini. Hiyo hujisuka kama tenga. Utando hubonyea, ukakatika, na kifuko kikazama ndani. Mzigo hushushwa, kipokezi kikarudi kazini.

Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, waliotuzwa Nobel mwaka 1985, walikutana na mgonjwa ambaye vipokezi vyake viliishika LDL lakini haviikuiingiza. Mwaka 1986 ilibainika kwamba herufi moja tu ya jeni ilikuwa imeiharibu alama ya mkiani.

Ndivyo alivyo mwanafunzi wetu anayekariri sayansi kwa Kiingereza asichokimudu. Maarifa ameyashika, ila yamekwama mlangoni. Istilahi tunazo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990. Mwalimu mwenzangu, kwa nini basi tusimfafanulie mtoto somo kwa lugha itakayomwingia?