Jina la Tendo: Jinsi Jamii Inavyoyapokea Mauaji ya Wanawake

Katika makala haya twakusudia kueleza jambo moja: wanawake wengi wanapouawa kwa pamoja, jamii hulia na kukasirika, lakini mara nyingi hulipa tendo lenyewe jina lisilo lake.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito, Meru, nchini Kenya, wavulana waliokuwa katika mgomo walilivamia bweni la wasichana waliokataa kuwaunga mkono. Wasichana 19 walikufa, 71 walibakwa. Magazeti yaliripoti kauli ya kiongozi mmoja wa shule kwamba wavulana hawakukusudia madhara, walitaka kubaka tu. Neno hilo "tu" lastahili kufikiriwa sana na kila mchungaji. Mwaka huohuo Rais aliunda kamati, mwenyekiti wake akiwa Lawrence Sagini, ichunguze migomo na utovu wa nidhamu shuleni. Nidhamu ilihusika, hatukatai. Lakini mgomo peke yake hauelezi kwa nini hasira iliyoanza dhidi ya uongozi wa shule iliishia katika miili ya wasichana.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Tarehe 6 Desemba 1989 mtu mwenye bunduki aliingia katika chuo cha uhandisi mjini Montreal, Kanada. Katika darasa moja aliwatenga wanawake na wanaume, akatamka wazi kwamba anawachukia watetezi wa haki za wanawake. Hadi alipomaliza, wanawake 14 walikuwa wameuawa. Hata hivyo wengi walisema ni wazimu wa mtu mmoja. Kibao cha kumbukumbu kilitaja msiba tu, hata mwaka 2019 kilipobadilishwa na kuitaja chuki ile. Miaka 30!

Msomaji wa Waamuzi 19 hadi 21 hatashangaa. Mlawi anapolihutubia kusanyiko la Israeli habari za suria wake aliyefia Gibea, asema watu wa mji walitaka kumwua yeye. Hasemi kwamba ni yeye aliyemtoa mwanamke nje. Makabila yakakasirika kweli, yakapigana, na mwisho wake yakawatwaa kwa nguvu wasichana 400 wa Yabesh-gileadi, na wengine wa Shilo, wawe wake za Wabenyamini waliosalia. Hasira ilikuwa kubwa. Yule mwanamke alikwisha kusahauliwa.

Hapa Mdandu hatuna haja ya kwenda mbali. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Lakini shauri la namna hiyo likifika kwa wazee wa usharika, mara nyingi huandikwa "ugomvi wa ndoa", wote wawili huonywa, kisha hupatanishwa. Hivyo mke aliyevunjwa mkono huingia katika kitabu cha kumbukumbu akiwa mmoja wa wagomvi wawili. Katibu wa baraza aweza kuanzia hapo: aandike nani alimpiga nani.