Kamera mpya au ya zamani? Wamama, tupige hesabu kabla ya kutoa feza ya kikundi

Ndoa, ubatizo, komunio ya kwanza, diploma ya mtoto, maandamano ya tarehe 8 Machi: hapa Kalima kila sherehe inataka picha, na kila picha inalipwa. Juma kwa juma ni picha ndogo za pasporti kwa ajili ya karatasi za masomo na za kazi. Kikundi cha wamama kilichoweka feza pamoja kinaweza kuingia katika kazi hii. Haitaki duka kubwa wala kubeba mizigo kichwani. Inataka kamera moja nzuri, mikono miwili iliyojifunza, na daftari.

Ugumu unaanza siku ya kununua. Mfanyabiashara anaweka kamera mbili mezani. Moja ni mpya zaidi, inang'aa, bei yake iko juu. Nyingine ni ya miaka iliyopita, imetumika, bei iko chini. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini feza iliyo mezani ni ya likelemba: ndani yake mna feza ya masomo ya mtoto wa huyu na dawa za mama mkwe wa yule. Hakuna mwenye haki ya kuitoa kwa sababu tu kitu kinang'aa.

Tuchukue mfano wa kamera mbili ambazo watu wengi wanazilinganisha: Sony a6000, iliyotoka mwaka 2014, na Sony a6400, iliyotoka mwaka 2019. Zote mbili ni kamera zisizo na kioo cha ndani. Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo kinachoruka kila unapobonyeza. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya namna hii ya kubadilisha lenzi bila kuwa na kile kioo. Faida yake kwa mwanafunzi ni kubwa. Skrini inakuonyesha kabla ya kubonyeza kama picha itakuwa nyeusi au nyeupe mno, basi unarekebisha kwanza. Hasara yake ni kwamba skrini hiyo inakula batri.

Mahali zinapofanana

Watu wengi wanauliza kwanza "ina megapikseli ngapi?" Hizi mbili karibu ni sawa, kila moja ina milioni 24. Na picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile wateja wetu wanayoipenda, inahitaji kama milioni 2 tu ili itoke safi. Kwa hiyo zote mbili zina zaidi ya mara kumi ya kile unachohitaji. Muuzaji akikusifia megapikseli, msikilize kwa heshima, halafu uliza jambo lingine.

Zote mbili zinatumia batri ya namna moja, inayoitwa NP-FW50. Zote mbili zinachajiwa kwa kamba ndogo ya USB, ya namna ile ya simu nyingi za Android za zamani, kwa hiyo umeme wa jua unaochaji simu nyumbani unaweza kuchaji kamera pia. Zote mbili zinaweza kutuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi, ili mteja aipate mara moja. Zote mbili zina flashi ndogo inayoruka juu. Na zote mbili zinapokea lenzi za namna moja, zile Sony inazoziita E. Shikeni hili la lenzi na batri, maana ndilo litakaloamua hesabu yetu.

Mahali zinapoachana

Tofauti ya kwanza ni kukamata sura. a6400 inatafuta jicho la mtu yenyewe na kulifuata, hata kama bibi arusi anatembea au mtoto anakimbia. a6000 nayo inajua kutafuta jicho, lakini lazima ubonyeze kifungo, na inafaa zaidi kwa mtu aliyetulia. Kwa picha ya pasporti, au ya familia iliyosimama mbele ya nyumba, hutaona tofauti kubwa. Kwa watu wanaocheza dansi, utaiona.

Ya pili ni sauti ya kubonyeza. a6400 inaweza kupiga picha kimya kabisa. a6000 inatoa mlio kila mara. Ndani ya kanisa, wakati wa sala, mlio huo unaweza kukuletea macho makali ya mzee wa kanisa.

Ya tatu ni video, na hapo njia zinaachana kabisa. a6000 haina tundu la mikro. Sauti utakayoipata ni ya mikro yake ndogo ya ndani, pamoja na upepo na kelele za watu. Ikifika karibu dakika 29 inasimama yenyewe, na unapaswa kuianzisha tena. Video yake ni HD ya kawaida. a6400 ina tundu la mikro, haina kikomo hicho cha dakika, na inachukua video ya 4K. Mama anayetaka kuuza video ya ndoa nzima, pamoja na nasaha za wazazi zikisikika vizuri, asidanganywe na bei ndogo ya a6000.

Ya nne ni batri. Kwa vipimo vya kiwanda, ukitumia skrini, a6000 inapiga kama picha 360 kwa batri moja na a6400 kama 410. Tofauti ni ndogo. Kwa ndoa ya tangu asubuhi mpaka usiku, zote mbili zinataka batri ya pili mfukoni.

Giza la ndani ya nyumba

Sherehe zetu nyingi zinaendelea ndani, au jioni chini ya hema, na taa ni chache. Hapo wengi wanadhani kamera mpya itawaokoa. a6400 inavumilia giza zaidi kidogo kuliko a6000, lakini si kwa hatua kubwa. Kinacholeta mwanga ni lenzi.

Kamera hizi mara nyingi zinauzwa na lenzi ndogo ya zumu, ile ya milimita 16 mpaka 50. Ni nzuri kwa mchana na kwa picha ya ukoo mzima. Lakini ukiivuta mpaka mwisho, mlango wake wa mwanga unabaki mdogo, umeandikwa 5.6. Kuna lenzi nyingine isiyo na zumu, milimita 50, mlango wake umeandikwa 1.8. Namba ikiwa ndogo, mlango ni mkubwa. Kati ya hizo mbili, ya 1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara tisa. Hakuna tofauti ya namna hiyo kati ya kamera ya 2014 na ile ya 2019.

Sony ina lenzi za milimita 35 na 50 za namna hii, na zile zenye herufi OSS zinapunguza mtikisiko wa mkono. Herufi hizo ni za maana, kwa sababu ndani ya kamera hizi mbili zenyewe hamna kitu cha kutuliza mtikisiko. Ya 35 inafaa kwa mama na watoto wake ndani ya nyumba. Ya 50 inafaa kwa sura ya mtu mmoja.

Hesabu mezani

Zilipotoka Marekani, a6000 pamoja na lenzi ya zumu iliuzwa karibu dola 800, na a6400 pamoja na lenzi hiyo karibu dola 1000. Bei za vilivyotumika zinabadilika kila mahali, basi namba zinazofuata ni za mfano tu. Wekeni zenu, zile mtakazoambiwa na wauzaji.

Tuseme wamama 15 wanatoa dola 2 kila mmoja kwa juma. Katika majuma 20 wana dola 600.

Njia ya kwanza: a6400 iliyotumika na lenzi yake ya zumu, dola 600. Feza imekwisha. Hakuna batri ya pili, hakuna lenzi ya giza, hakuna feza ya kutoa picha kwenye karatasi.

Njia ya pili: a6000 iliyotumika na lenzi ya zumu, dola 300. Lenzi ya 1.8, dola 150. Batri mbili na kadi ya kumbukumbu, dola 50. Jumla ni 500. Zinabaki 100 za karatasi, za safari ya pikipiki, na za ajali isiyotarajiwa.

Kwa njia ya pili, kikundi kinapiga picha nzuri za ndani tangu juma la kwanza. Kazi ikikua na wateja wakianza kuomba video, mnanunua a6400 pekee, bila lenzi. Lenzi zote mbili na batri zote zitaingia ndani yake, na a6000 itabaki kuwa kamera ya pili ya kundi. Feza iliyowekwa kwenye lenzi haipotei mnapobadilisha kamera.

Basi ushauri wetu ni huu. Kama wateja mlio nao leo wanaomba picha, chukueni ya zamani na muongeze lenzi ya mwanga. Kama tayari mna watu wanaoomba video na wako tayari kuilipia, ngojeeni majuma machache zaidi, mchukue mpya na mikro yake. Msinunue kwa ajili ya wateja ambao hawajawahi kubisha mlango.

Siku ya kununua, fanyeni haya

Geuzeni kamera, msome chini yake. a6000 imeandikwa ILCE-6000 na a6400 imeandikwa ILCE-6400. Jina la mdomoni halitoshi.

Fungueni sehemu ya lugha, mtafute Kifaransa. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaonyesha Kijapani tu, na bei yake ya chini inaweza kuwa na sababu hiyo.

Pigeni picha ya ukuta mweupe au anga, halafu mwikuze kwenye skrini. Madoa yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi au jeraha la ndani.

Angalieni ndani ya lenzi mkiielekeza kwenye mwanga. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Katika misitu yetu yenye unyevu, kuvu ni adui mkubwa wa lenzi, na akishaingia si rahisi kumtoa. Lenzi ya namna hiyo iacheni.

Pigeni picha ya mtu aliye karibu, kisha ya mtu aliye mbali. Jaribuni flashi. Tumeni picha moja kwenye simu. Chomekeni kamba, muone kama inachaji. Muuzaji akikataa majaribio haya, rudisheni feza kwenye mfuko. Akikubali, mwandikiane karatasi yenye namba ya kamera, tarehe na bei.

Ikishafika nyumbani

Wekeni kamera kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na zile pakiti ndogo za kukausha zinazotoka kwenye viatu vipya. Msiiache siku nyingi ndani ya mfuko wa ngozi wenye unyevu. Msibadilishe lenzi barabarani penye vumbi jekundu. Mkiibadilisha, elekezeni mdomo wa kamera chini.

Chagueni wamama wawili wa kuitunza, si mmoja, ili akiugua mmoja kazi isisimame. Kila kazi iandikwe: tarehe, mteja, kiasi kilicholipwa, aliyebeba kamera. Mali bila daftari hupotea bila habari. Toeni kila mara fungu kidogo la kutengeneza au kubadilisha kitu kikiharibika, kabla ya kugawana faida.

Tena, heshimuni mnaowapiga. Picha ya mtoto isiende kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa ya mzazi wake. Msielekeze kamera kwa askari, kambi au uwanja wa ndege bila ruhusa, msije mkaipoteza kamera yote kwa sababu ya picha moja.

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mama aulize watu watano wa mtaa wake: mwaka huu utahitaji picha au video, na utalipa kiasi gani? Leteni majibu, myahesabu pamoja. Majibu hayo ndiyo yatakayowaambia ni kamera ipi ya kuchukua.