Mchanga wa tangi la samaki wa baharini haubadilishwi kwa siku moja

Mwenye tangi la samaki wa baharini lililokaa mwaka mmoja au zaidi hufika wakati akatazama mchanga wa chini na kuona haumfai tena. Umeingia rangi ya kijani na kahawia, umeshikana mabonge, na kila kitatange akipita vumbi linapanda. Wazo la kwanza humjia la kuuzoa wote Jumamosi asubuhi, kumwaga mpya na kurudisha maji. Kwa tangi la siku nyingi, hiyo ni njia ya mkato ya kupoteza samaki wote kabla ya Jumatatu.

Mchanga huo si pambo tu. Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Bakteria wanaoishi kwenye chembe za mchanga, kwenye mawe na ndani ya filta huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Mchanga ukiondolewa wote, sehemu kubwa ya bakteria hao huondoka nao, ilhali samaki ni wale wale na uchafu wao ni ule ule. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake huwa karibu 8.2, amonia ina sumu kali zaidi kuliko katika maji baridi ya mtoni. Kiasi kidogo tu kinatosha kuua.

Hatari ya pili imelala chini kabisa. Pale ambapo mchanga ni mzito na hewa haifiki, hutengenezwa gesi yenye harufu ya yai viza. Dalili yake ni mabaka meusi yanayoonekana kwenye kioo. Mchanga ukichokorwa ghafla, gesi hiyo pamoja na uchafu wa miezi mingi huingia majini kwa mara moja, na samaki huanza kuhema juu ya maji. Tabaka la sentimita 3 hadi 5 huwa na shida ndogo. Likipita sentimita 10, mwenye tangi aende kwa uangalifu mkubwa.

Njia salama ni kuondoa mchanga kwa sehemu. Robo moja huondolewa kwanza, kisha tangi likaachwa wiki mbili, ndipo robo ya pili ifuate. Kazi nzima huchukua takriban miezi miwili. Ni mwendo wa kinyonga, lakini mawe na mchanga uliobaki huwapa bakteria nafasi ya kuongezeka na kujaza pengo.

Siku ya kazi, hita na pampu huzimwa na kuchomolewa kwenye soketi kabla ya mkono kuingia majini. Hita ikiachwa inawaka maji yanaposhuka hupasuka, na umeme na maji ya chumvi havichezewi. Mchanga hunyonywa kwa mpira wa maji mpana unaoelekea kwenye ndoo, mstari kwa mstari, bila kuchokora pembeni. Mpira ujazwe maji kwanza ili yaanze kuteremka yenyewe. Usivutwe kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya viumbe wanaofugwa pamoja na matumbawe wana sumu. Mwenye kidonda mkononi avae glavu. Maji yanayotoka na mchanga, kama asilimia 20 ya tangi, hujazwa kwa maji mapya ya chumvi yenye joto sawa na yale ya ndani.

Mchanga mpya huoshwa kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya chumvi ili klorini ya bomba isiingie kwenye tangi. Hushushwa kupitia kipande cha bomba la plastiki kinachofika chini, si kumwagwa kutoka juu. Kikombe kimoja cha mchanga wa zamani, ule wa juu ulio safi, kikinyunyizwa juu ya mpya hupeleka bakteria mapema. Filta isioshwe wiki hiyo. Chakula kipunguzwe, na amonia ipimwe kila siku kwa wiki moja. Kipimo kinatakiwa kisome sifuri. Kikipanda, maji yabadilishwe siku hiyo hiyo na zamu inayofuata isogezwe mbele.

Pale ambapo tabaka ni zito na jeusi, ni afadhali samaki, kaa na mawe vihamishiwe kwanza kwenye mapipa yenye maji ya tangi lile lile, pampu ya hewa ikifanya kazi, ndipo mchanga utolewe. Madirisha yafunguliwe. Kabla ya kuanza, itazamwe ratiba ya Kenya Power ya kukatika kwa umeme, maana samaki waliobanana ndani ya pipa lisilo na hewa hawana muda mrefu.

Kuhusu chumvi, wakazi wa Magarini wanaijua vizuri ile ya Gongoni, lakini chumvi ya kupikia haitengenezi maji ya bahari. Karibu yote ni sodiamu kloraidi, na kalisi na magnesi zinazohitajiwa na konokono na matumbawe huwa zimebaki nyuma. Chumvi maalumu ya matangi huchanganywa kama gramu 35 kwa lita. Anayechota maji baharini asichote baada ya mvua kubwa, hasa upande wa Malindi ambako Mto Sabaki humwaga tope.

Mchanga unaofaa ni wa asili ya matumbawe na makombe, kwa kuwa husaidia pH isishuke. Ukidondoshewa siki hutoa mapovu. Mchanga wa mtoni kwa kawaida hautoi. Hapo ndipo wengi hushawishika kubeba ndoo hadi ufuoni. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na kuchukua mchanga, makombe au matumbawe humo bila kibali ni kosa. Hata nje ya hifadhi, fuo za Watamu ni mahali pa kasa kutagia mayai, na uchimbaji wa mchanga ufuoni unahitaji idhini. Mchanga wa dukani hugharimu pesa, ila hauleti vimelea wala kesi. Mwenye swali aulize ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye.

Mchanga wa zamani nao usipelekwe kwa fundi wa ujenzi, kwa kuwa chumvi yake hutia vyuma kutu ndani ya zege, wala usimwagwe shambani. Uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa. Baada ya hapo unafaa kwa njia ya kupita miguu uani.