Aliondoka Usiku, Mkewe Amelala

Mwanetu alikuwa na miezi mitatu mwenzangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma India. Miaka miwili, mji wa Varanasi. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nikitabasamu kama mke mwelewa, kisha nikarudi nyumbani nikalia mpaka mama mkwe akaja kunipokea mtoto. Baada ya mwezi hivi bwana akanitumia picha. Amesimama Sarnath, kilomita kama 10 kutoka mjini kwake, nyuma yake mnara mkubwa wa kale wa mawe na matofali. “Huku ndiko Budha alikotoa mahubiri yake ya kwanza,” aliandika, furaha tele.

Mimi habari za huyo Budha nilikuwa nimeshazisoma kidogo. Nikamjibu: “Si ndiye yule aliyemkimbia mkewe na kichanga?”

Siku mbili sikupata meseji.

Lakini jamani, sikusema uongo. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko kusini mwa Nepal, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Baba yake, Suddhodana, alikuwa kiongozi wa watu wa Sakya. Mama yake, Maya, alifariki siku 7 baada ya kujifungua, mtoto akalelewa na Mahapajapati, dada wa mama yake. Mapokeo yanasema watabiri walimwambia baba kwamba kijana atakuwa ama mfalme mkubwa ama mtawa. Baba hakutaka kusikia habari za utawa. Akamzungushia raha za kila aina, na alipofikisha miaka 16 akamwoza binti aitwaye Yasodhara.

Raha haikutosha. Alipotoka nje akaona mzee, mgonjwa, maiti, na mwishowe mtawa aliyetulia. Akiwa na miaka 29 mkewe akajifungua mtoto wa kiume, Rahula, jina ambalo mapokeo yanalifasiri kuwa pingu. Hebu fikiria unamwita mwanao wa kwanza Pingu! Usiku akasimama mlangoni akawatazama. Alitamani kumbeba mtoto, akaogopa mama ataamka. Akapanda farasi wake na mtumishi mmoja, akaenda zake.

Kwa haki, niseme kwamba kisa hiki cha usiku kimepambwa baadaye. Maandiko ya zamani zaidi yanasema tu aliondoka huku wazazi wake wakilia. Mke hatajwi kabisa, na hilo nalo linaniudhi kwa namna yake.

Miaka 6 alihangaika msituni, akajinyima chakula mpaka akabaki mifupa. Akaona haisaidii. Akala wali wa maziwa aliopewa na mwanamke aitwaye Sujata, akaketi chini ya mti pale Bodh Gaya, na akiwa na miaka 35 akapata alichokitafuta. Tangu hapo akaitwa Budha, yaani aliyeamka. Hakudai kuwa Mungu, wala mafundisho yake hayamjengi juu ya Mungu muumba.

Huko Sarnath aliwaambia watu 5 mambo manne. Kwanza, maisha yana dukkha, neno linalotafsiriwa mateso, ingawa ndani yake mna pia ile hali ya kutotosheka hata mambo yakiwa mazuri. Pili, chanzo chake ni kiu. Tatu, kiu inaweza kuzimwa, na huko kuzimika ndiko nirvana. Nne, ipo njia ya kufika, yenye sehemu 8, kuanzia kuona mambo sawasawa na kusema vizuri mpaka kuituliza akili.

Hapo kwenye kiu ndipo aliponikamata. India wametutangulia saa mbili na nusu. Saa tano usiku nilikuwa nahesabu: kwake ni saa saba na nusu, mbona hajaniaga? Yuko na nani? Nilikuwa nayaita hayo mapenzi. Budha angesema nilikuwa nimekishika kitu ambacho hakishikiki, kwa sababu kila kitu hupita na kubadilika, pamoja na mume, pamoja na mimi mwenyewe. Kupenda hakukataza, wema kwa viumbe vyote ni sehemu kubwa ya mafundisho yake. Alichokitilia shaka ni mikono inayokaba.

Sawa. Ila Yasodhara je?

Budha alirudi kwao baada ya miaka. Watu wakatoka kumlaki, Yasodhara akabaki chumbani: kama nina thamani kwake, atakuja mwenyewe. Akaenda. (Huyu dada namheshimu sana.) Kisha akamtuma Rahula, sasa miaka 7, akadai urithi kwa baba yake. Baba akampa alichokuwa nacho: akaagiza aingizwe utawani. Babu Suddhodana akaumia vibaya. Amepoteza mtoto, sasa na mjukuu! Akamwomba Budha kwamba kuanzia sasa mtoto asipokelewe bila ruhusa ya wazazi. Budha akakubali, ikawa kanuni ya watawa. Baadaye Mahapajapati akawa mtawa wa kwanza wa kike, na mapokeo yanasema Yasodhara naye alifuata.

Swali langu nililipeleka pia kwenye hekalu la Wabudha pale Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka. Mtawa aliyenipokea hakumtetea mtu. Aliniambia tu kwamba si kila mtu aliitwa aache nyumba, na Budha alikuwa na maneno pia kwa wenye familia. Kijana mmoja, Sigala, aliambiwa wajibu tano za mume: amheshimu mkewe, asimdharau, asitoke nje ya ndoa, amwachie mamlaka ya nyumba, na amnunulie vito. Mke naye anazo tano zake, usijali, uaminifu ukiwemo.

Usiku ule nilimpigia bwana nikamsomea ya kwake yote. Kwanza kimya.

“Hilo la tano lipo kweli,” akauliza, “au umeliongeza wewe?”

Nikamwambia lipo. Si yuko karibu na Sarnath, akaulize.