Laptopu za Ng'ambo, Wateja wa Thika Road

Mnunuzi mzoefu wa laptopu mjini Thika huanza na kitufe cha namba 3. Pakiwa na alama ya pauni juu yake, mashine hiyo ilianzia kazi Uingereza, ikakaa juu ya meza ya karani miaka mitatu minne, kampuni ikanunua mpya na zile za zamani zikauzwa kwa jumla. Pasipokuwa na pauni, huenda imetoka Marekani au kwingineko. Dukani zote huitwa "ex-UK", na muuzaji hakosi sababu: jina hilo lina heshima yake, kama la shati la mtumba lenye lebo ya Italia.

Asili ya mashine si suala la majivuno tu. Kenya hutumia umeme wa volti 240 na plagi ya miguu mitatu ya bapa, urithi wa Waingereza, kwa hiyo chaja ya London huchomekwa ukutani Ruiru bila adapta. Chaja ya laptopu ya Marekani nayo haina shida kwa volti, kwa maana nyingi huandikwa 100–240V; kinachobadilishwa ni waya. Hatari iko kwenye kompyuta za mezani. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuwashwa Makongeni, Thika, mlio mmoja tu na pawasapulai imekwenda.

Wateja wa biashara hii wako mlangoni. Mount Kenya University, iliyopata hati yake ya chuo kikuu mwaka 2011, ina kampasi kuu Thika. JKUAT iko Juja, katikati ya Thika na Ruiru. Zetech iko Ruiru. Sensa ya 2019 iliiweka Ruiru miongoni mwa miji mikubwa kabisa nchini, ikiwa na watu wanaokaribia nusu milioni, wakiwemo wapangaji vijana wengi wanaofanya kazi Nairobi au kwenye intaneti. Huko huko Ruiru, katika Tatu City, kampuni ya CCI ilifungua mwaka 2024 kituo kikubwa cha kupokea simu. Kisha kuna saiba za mitaani, ambazo kila ifikapo Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, hujaa hadi nje.

Lakini barabara iliyoleta wateja ndiyo hiyo hiyo inayowapeleka. Tangu Thika Superhighway ifunguliwe mwaka 2012, mtu wa Ruiru hufika Luthuli Avenue, Nairobi, kwa matatu moja, na huko bei huwa chini kidogo. Muuzaji wa Thika hawezi kushindana na Nairobi kwa bei peke yake. Anachouza hasa ni ukaribu: skrini ikianza kumetameta Jumanne, mteja anarudi Jumanne hiyo hiyo, bila nauli ya kwenda mjini na bila kuambiwa aliyemuuzia ameondoka. Ndiyo maana risiti yenye waranti ya miezi sita, hata ikiandikwa kwa kalamu, ina thamani kuliko punguzo la shilingi elfu moja. Risiti isiyotaja namba ya utambulisho ya mashine, ile serial iliyobandikwa chini, ni vigumu kuitetea, na wanunuzi wengi hawajui kuidai.

Kuna jambo la kushangaza kidogo katika jiografia ya soko hili. Serikali ilipoanzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi vifaa vya kidijitali mwaka 2016, JKUAT na washirika wake Positivo BGH walikuwa kati ya waliopewa kandarasi, na uunganishaji ukafanyika Juja. Chuo hicho pia kilitoa laptopu yake yenye jina la Taifa. Hata hivyo, mwanafunzi wa JKUAT mwenye shilingi 25,000 mfukoni kwa kawaida huishia kwa HP EliteBook, Lenovo ThinkPad au Dell Latitude iliyokwisha tumika.

Na hakosei. Laptopu mpya ya bei hiyo huwa na prosesa dhaifu, RAM ya GB 4 iliyogandishwa kwenye bodi na ganda la plastiki linalolia ukilibonyeza. EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016 ina ganda la chuma, kibodi ngumu na nafasi mbili za RAM ambazo fundi huzifikia kwa bisibisi. Ilijengwa kwa ajili ya kampuni, si kwa ajili ya rafu ya supamaketi, na tofauti hiyo huonekana mwaka wa pili.

Tatizo la G3 lilikuja kwa kalenda. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Mstari ukachorwa katikati ya rafu. EliteBook 840 G3 na G4 ziko upande mmoja, nyingi za G5 upande wa pili. ThinkPad T470 huku, T480 nyingi kule. Kati ya hizo mbili za mwisho, kwa macho hutaona tofauti ya maana. Inasomeka kwenye jina la prosesa: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayobeba maelfu kadhaa ya shilingi.

Mafundi wanajua njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita, na huwa inafanya kazi. Ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo. Muuzaji anayeiweka na kumweleza mteja hana kosa. Anayeiweka na kunyamaza, huku akitoza bei ya G5, anaiba. Mwenye G3 anayeandika insha na kutazama filamu ana njia nyingine ya bure, Linux Mint au Ubuntu, ingawa atapata taabu akihitaji programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows.

Dakika kumi dukani huokoa mengi. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, nayo Windows itatoa ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao leo. Ikibaki chini ya nusu, bei ya betri nyingine itolewe kwenye bei ya laptopu. Kisha izimwe, iwashwe upya na kuingizwa BIOS: ikidai nywila asiyoijua hata muuzaji, bado ina kufuli la mwajiri wa zamani. Chromebook za bei ya chini zina mtego unaofanana nao. Nyingi zilikuwa za shule za Marekani, na ikiwashwa ikasema inasimamiwa na shule fulani, mwenye mamlaka juu yake bado yuko ng'ambo.

Stima nayo ina neno lake katika hesabu. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na kukatika kwa saa mbili tatu ni jambo la kawaida mitaani. Saiba inayotumia laptopu kuukuu badala ya kompyuta za mezani haihitaji UPS kwa kila mteja, mradi betri zina uhai. Vumbi ni adui wa pili, hasa Ruiru ambako hakuna mtaa usio na ujenzi. Feni ikianza kuvuma kama posho mill, kusafishwa na kupakwa pasta mpya ya joto ni kazi ndogo kwa fundi, na mara nyingi mashine iliyodhaniwa imezeeka hurudi kasi yake.

Humo katika kazi ndogo ndimo mna faida ya kuaminika. Laptopu huuzwa mara moja, tena baada ya mivutano ya bei. Diski ya SSD, RAM ya kuongeza, chaja, bawaba na uchapishaji wa kurasa huingiza pesa kila siku. Saiba nyingi zimehamia printa za matangi ya wino kama Epson EcoTank, au Kyocera za leza kwa kazi nzito, kwa sababu katriji ndogo za printa za nyumbani humaliza faida kabla ya mwisho wa wiki.

G3 iliyokufa bodi pia haitupwi. Kwa kuwa inashirikiana mwili na G4, skrini, kibodi na bawaba zake huhamishiwa kwa dada yake aliye hai, na fundi mwenye mizoga mitatu nyuma ya kaunta hutengeneza kwa saa moja kile ambacho mwenzake atasubiri spea kutoka Nairobi hadi kesho yake.