Tiara, Mwalimu wa Kiwanda

Je, wajua kwamba ndege ilianza kama tiara? Mwaka 1899, huko Dayton, Ohio, Wilbur Wright alirusha tiara yenye upana wa mita 1.5 hivi, akijaribu kuongoza chombo hewani kwa kuyapinda mabawa yake. Miaka minne baadaye, yeye na nduguye Orville walipaa kwa ndege yenye injini.

Tiara ya kawaida ni vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, karatasi, uzi na mkia. Karatasi iliyoinama huusukuma upepo chini, nao upepo huiinua tiara juu. Uzi huizuia isipeperuke. Mkia huituliza isizunguke. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne, ndiyo maana kijiti kilichostahimili asubuhi huvunjika alasiri.

Somo la malighafi huja lenyewe. Watoto wengi wa Kenya walizoea kuwamba tiara kwa mifuko ya plastiki, hadi ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Sasa gazeti ni jepesi lakini hupasuka; pakiti ya unga ni imara lakini nzito. Kupima, kulinganisha na kuchagua ndiyo kazi ya mhandisi.

Hata hivyo, tiara moja ni kazi ya mikono tu. Kiwanda huanza darasa linapotakiwa kutoa tiara 30 zinazofanana. Hapo huhitajika kiolezo cha kadibodi: urefu sentimita 60, upana 50, kijiti cha mlalo kikifungwa sentimita 15 kutoka juu. Kundi moja hukata, la pili hufunga, la tatu hubandika, la nne hukagua. Punde vijiti hurundikana kwa wabandikaji, maana gundi haikauki haraka. Ukiongeza wakataji, hupati hata tiara moja zaidi. Pa kusaidia ni pale kazi ilipokwama.

Mambo haya yana maana ya pekee Thika, mji wa viwanda nchini Kenya. Kiwanda cha KVM, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina Leyland Kenya, huunganisha magari kwa vipuri vilivyotengenezwa kwingine. Thika Cloth Mills husokota pamba na kufuma vitambaa. Mwanafunzi aliyeona tiara ikilala upande kwa sababu bawa moja limezidi lingine kwa sentimita moja hahitaji kuhubiriwa kuhusu vipimo vya mlango wa lori.

Ukaguzi wa mwisho ufanyike uwanjani, mbali na nyaya za umeme. Tiara inayoanguka irudishwe darasani, chanzo kitafutwe, kisha kiolezo kirekebishwe kabla ya kutengeneza nyingine.

Walimu wa ufundi, msiituze tiara iliyopendeza kuliko zote. Alama za juu zipewe kundi ambalo tiara yake ya 30 inaruka sawasawa na ya kwanza, kwa sababu hilo ndilo viwanda vya Thika na mji jirani wa Ruiru vitakalowadai vijana hawa watakapoomba kazi.